Mbuzi Mweusi na Injini ya Baba

Siku ile nilirudi Lodwar kutoka Kakuma nikiwa nimeamua kuliuza gari. Mkobani nilikuwa na gasketi niliyoitafuta miezi minne, na kichwani bei niliyotajiwa na mnunuzi wa vyuma chakavu. Kwa nini nilinunua gasketi ya gari ninalotaka kuliuza? Mpaka leo sijui.

Gari lenyewe ni pikapu kuukuu ambayo marehemu baba aliiacha uani kwetu Kanamkemer. Nilianza kuifufua nilipomaliza chuo, nikisubiri kazi ambayo haikuja. Kila kibarua kilinipa kifaa kimoja. Mwaka wa kwanza breki. Wa pili kabureta, kutoka kwa fundi Mkongo katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, ambaye kila nikifika aliuliza mgonjwa wangu anaendeleaje. Rafiki zangu walishaacha kuuliza. Mwisho nikajiuliza mwenyewe: ninafufua gari, au nakataa tu kukubali kwamba baba hayupo?

Nilipofungua geti, harufu ilinipokea kwanza. Turubai lilikuwa limefunuliwa. Injini, niliyoiacha ikiwa imefunguliwa, ilikuwa ya kijani. Majani yaliyosagika ya tumboni mwa mbuzi yalikuwa yamepakwa kila mahali, juu ya pistoni, ndani ya silinda, hata kwenye matundu ya bolti. Nzi wametanda. Nilisimama na mkoba begani.

Nyanya, mama yake baba, alikuwa ameketi kivulini, mikono yake bado ya kijani. Kwetu mtu hupakwa hivyo ili abarikiwe, na mifugo pia. Nalijua hilo, na nimelibishia tangu shule. Lakini injini? Nikaanza kumweleza habari za kutu na uchafu kwenye silinda, nikajisikia naongea kama mhadhiri.

Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Wiki tatu hujaligusa. Niliona linakufa."

Nikamuuliza amechinja mbuzi yupi. Akanyoosha kidole kwenye ngozi iliyowambwa juani. Nyeusi.

Mbuzi yule Nyanya alikataa kumuuza ukame ulipomaliza wengine. Alikataa hata nilipokosa karo ya muhula wa mwisho, na nilimnunia mwaka mzima. Mama wa mbuzi huyo aliletwa na baba, nyuma ya pikapu hii hii.

"Nimekosea?" akauliza.

Mnunuzi alipopiga simu nilimwambia gari haliuzwi. Akataka kujua sababu, na mimi niliyezoea kumdai kila mtu sababu nikakata simu.

Bado siamini kwamba tumbo la mbuzi hutibu chuma. Pikapu yenyewe haijawaka hadi leo. Lakini jioni ile nilichukua mafuta ya taa na kitambaa, nikaanza na silinda ya kwanza, nikisugua kwa hasira. Nyanya akasogeza kigoda chake karibu, akatazama kidogo.

"Polepole," akasema. "Usimuumize."