Mbuzi Aliyekohoa Ndani ya Boti

Mkitaka kucheka chekeni tu, maana sokoni kwetu Baraka walishacheka mpaka wakachoka, na kule Ubwari, ng'ambo ya maji, mpaka leo watoto wakiniona nashuka kwenye boti wanajikoholesha makusudi. Mimi ni fundi cherehani, mtu mzima, nina mke na mtoto, na bado nilijiaibisha mbele ya wakwe zangu kwa neno moja nililolitoa bila kufikiri.

Chanzo ni mbwa. Nilikwenda kwenye kambi ya wakimbizi ya Lusenda kupeleka sare za kwaya, nikamkuta mbwa mzee amelala mbele ya mlango uliofungwa, na majirani wakaniambia mwenye nyumba, babu mmoja Mrundi, amepanda gari la kurudi kwao na gari halikupakia mbwa. Jina lake Bobi (mbwa, si babu). Meno nusu, jicho moja lina ukungu, na kikohozi cha mvuta tumbaku. Nilimwonea huruma, nikarudi naye nyumbani, na mke wangu Nyota aliponiuliza nikamjibu, "Ni ya siku mbili tu, mwenyewe atarudia," huku nikijua kabisa mwenyewe harudi. Siku mbili zikawa miezi, Nyota akaja kuambiwa ukweli na mwanamke wa kambini, na kesho yake asubuhi akambeba Neema wetu mgongoni, akapanda boti kwenda kwa wazazi wake Ubwari.

Wakwe wakaniita: njoo tuongee, na uje na mbuzi wa amende, yaani faini ya mume aliyemkosea mke. Mbuzi sikuwa naye, nikaona niende kwanza nikaombe muda. Lakini Bobi je? Vijana wa mtaani walishaapa kumpiga mawe kwa kubweka kwake, na nyumba ingebaki tupu. Basi nikapanga nivuke naye, nimwache kwa rafiki yangu mvuvi pale pale ufukweni, halafu nipande ukweni nikiwa mpole na bila mbwa. Mpango mzuri, ila boti yetu haipakii mbwa, kwa sababu mmoja aliwahi kuruka, abiria wote wakaegemea upande mmoja kumtazama, na nusura wazame. Nikamtia Bobi kwenye gunia, nikaushona mdomo wa gunia kwa sindano kubwa (mshono mzuri, sijisifu), nikaacha matundu ya kupumulia.

"Iko nini mu gunia?" nahodha akauliza.

"Iko mbuzi."

Ndilo neno lenyewe hilo. Sikuwa nimeona kwamba nyuma yangu amekaa shangazi yake Nyota na mabeseni yake ya sokoni.

"Mukwe wetu analeta mbuzi ya amende! Aksanti Mungu!" Na kabla sijafungua mdomo simu iko sikioni. "Mupike bugali mingi! Mukwe iko nakuja na mbuzi!"

Tukaondoka. Katikati ya maji upepo ukaanza, boti ikawa inapanda na kushuka, na gunia likakohoa. Wakageuka wote.

"Hii mbuzi iko nakohoa?" akauliza mama mmoja.

"Iko na mafua, mama."

"Na juu ya nini hailie?"

"Iko na haya. Inaenda ukweni."

Wakacheka, mimi nikacheka zaidi yao, jasho linanitoka. Kisha Bobi akaunguruma, nikakohoa mimi mwenyewe kwa nguvu ili kumfunika, akaunguruma tena, nikakohoa tena, mpaka mtu akanipa tangawizi nitafune. Halafu akanyamaza. Huo unyamavu ndio ulionitisha, maana nilipoingiza kidole kwenye tundu kiligusa pua kavu, na gunia halikutikisika hata kidogo. Nikisema ukweli na kulifungua, akiruka, watu wataegemea upande mmoja, na mle ndani kulikuwa na watoto wachanga. Nisipolifungua, nimemuua mzee wa watu kwa mikono yangu. Nilikaa namna hiyo mpaka machozi yakanitoka hadharani.

Shangazi akanipapasa bega. "Usilie, baba Neema. Nyota atakurudilia."

Tulipofika, mashemeji wawili walikuwa wanangoja ufukweni. "Mukwe habebake muzigo," wakasema, wakalichukua gunia na kupanda nalo mlima mbio, nami nikawafuata nyuma, nikampita rafiki yangu mvuvi aliyenipungia mkono kwa furaha. Uani wazee walishakaa, maji yanachemka. Nikapewa kigoda, na kwetu mkwe aliyeitwa kwa kosa anainamisha kichwa na kufunga mdomo mpaka baba mkwe aanze. Baba mkwe hakuwa na haraka. Nikainua jicho kidogo, nikamwona Nyota mlangoni pa jiko, ananitazama kwa ule uso wake wa zamani, ameamini kabisa kwamba safari hii mumewe ametimiza neno. Nilitamani ardhi inimeze.

Shemeji mkubwa akapiga magoti na kisu. Akalisukuma gunia. "Haitikisike. Inakufia mu njia. Tuikate shingo mbio," akasema, na mkono wake ukaanza kupapasa mahali shingo ilipo.

"Usikate! Iko mbwa!"

Shemeji akaurudisha mkono haraka.

"Unasema nini?" baba mkwe akauliza polepole.

"Baba, iko mbwa."

Mzee mmoja akasimama na fimbo. "Anatuletea mbwa tukule?" Uwanja mzima ukalipuka, huyu ananitukana, yule anamwita Mungu, shangazi amejifunika uso kwa kitenge. Shemeji akakata mshono wangu kwa ncha ya kisu, amejivuta mbali, na kichwa cha Bobi kikatoka. Hai! Akakohoa, akatembea taratibu mpaka kwenye beseni la kuoshea mbuzi, akanywa.

Nyota akamkabidhi mama yake mtoto, akaja kusimama mbele yangu. "Sema mbele ya baba. Ile mbwa ni ya siku ngapi?"

Nilitafuta uongo mwingine, naapa nilitafuta, sikuupata. "Mpaka itakufa."

"Na mwenyewe?"

"Harudie. Nilijua toka siku ya kwanza."

"Mi sikukatalaka mbwa," akasema. "We haukuniulizaka."

Hukumu ya baba mkwe ilikuwa fupi: nirudi Baraka peke yangu, na nisionekane tena bila mbuzi anayelia. Nyota alimzuia Bobi abaki naye, akasema haingii tena kwenye gunia.

Mbuzi nilimpeleka baada ya wiki nyingi za kulala peke yangu, akalia njia nzima, na wakwe wakanirudishia mke wangu. Siku ya kurudi Nyota alitangulia botini, Neema mgongoni, kamba ya Bobi mkononi, akamwambia nahodha, "Iko mbwa. Ni muzee, nitaishika." Nahodha akamtazama Bobi, akasogeza mizigo, akasema, "Ikae hapa."

Basi. Mimi nilikuwa nyuma yao na masufuria kichwani. Tangu siku ile nimeapa kwamba nikiulizwa nimebeba nini nitajibu ukweli kama Nyota, na nawaambia kwa uchungu kabisa, bado jambo hilo linanishinda nusu ya wakati.