Siku Binamu Aliponiamkia

Binamu yangu alianguka kutoka kwenye jukwaa langu, na watu wa mtaani kwetu Ng'ambo mpaka leo wanapenda kulitaja jukwaa kwanza kabla hawajamtaja yeye. Basi niseme mapema: jukwaa lilikuwa zima. Boriti nilizifunga kamba kwa mikono yangu mwenyewe. Nimekarabati nyumba za Mji Mkongwe tangu nikiwa mchukuzi wa chokaa, skuli sikufika mbali, lakini hakuna ukuta wangu uliopata kumwangukia mtu. Alichofanya yeye ni kurudi nyuma hatua mbili ili alitazame vizuri dirisha alilokwisha kulitia. Ni seremala, na maseremala wote wana ugonjwa huo wa kujistaajabia. Hatua ya tatu haikuwa na ubao.

Alitua uani, kwenye mawe. Akakaa kitako, akajipangusa vumbi, akauliza kama chai imekwisha. Tukacheka. Haikupita nusu saa akatapika mara mbili, akawa ananiuliza habari ambazo nimeshamjibu. Hapo kicheko kikanikauka. Nikamshika mkono nikampeleka hospitali, naye njia nzima ananilaumu kwa kumharibia siku ya kazi.

Kuna jambo lazima nilieleze, kwani bila ya hilo yaliyofuata hayaeleweki. Yeye ni mtoto wa mjomba wangu, mimi ni mtoto wa shangazi yake, na kwetu watu wa namna hiyo ni watani. Amenizidi miezi miwili. Kwa ajili ya miezi miwili hiyo hajapata kunitamkia neno la heshima hata siku moja. Jina langu kwake ni punda wa shangazi, na akifurahi sana huutaja na mkia. Siku ya harusi yangu alisimama mbele ya wakwe zangu akawaambia kwamba wakitaka kumrudisha bwana harusi, yeye hatashangaa. Ndivyo tunavyopendana.

Nesi aliyempokea wodini alikuwa msichana mwembamba, mwendo wa haraka, mtandio mweupe uliopigwa pasi sawasawa. Alinieleza kwamba mtu aliyeumia kichwa hatazamwi jeraha tu. Kila baada ya muda anaamshwa, hata kama usingizi wake mtamu. Anaulizwa maswali, anaambiwa aminye mikono, anamulikwa machoni, na kila kitu kinatiwa alama kwenye karatasi iliyotundikwa miguuni pa kitanda. Aliye timamu kabisa anapata kumi na tano. Alama zikishuka, huenda damu inakusanyika ndani ya fuvu, na hapo daktari anaitwa mbio. Nikamwambia hiyo ni timazi, ule uzi wa fundi wenye uzito: kwa jicho ukuta unauona umesimama, ukitundika uzi ndio unauona umelala. Akasema naam, ni timazi, ingawa sidhani kama aliijua.

Tabu yake ya kwanza ilikuwa sisi. Tulikizunguka kitanda, mkewe, dada zake wawili na mimi, na kila mmoja ana ulimi wake. Nesi akiuliza leo siku gani, sote tunajibu Jumatano. Akiuliza uko wapi, dada mkubwa anamwambia amwache mtu apumzike, anajua alipo. Alipotaka kumwamsha, mkewe akamzuia mkono, akasema mgonjwa akilala ndiyo anapona. Mwisho akatutoa nje wote, abaki mmoja. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekataa kusogea, nikabaki mimi.

Ndipo nilipoiona kazi yenyewe. Wodi imejaa, na zamu ile wao wawili tu, mwenzake kapeleka mgonjwa kwenye upasuaji. Tochi moja, betri zimechoka, mpaka aipige kiganjani ndipo iwake. Huku anaitwa dripu imekwisha, kule anaitwa mgonjwa anataka kujisaidia, mlangoni kasimama bwana anataka kujua kwa nini amezuiwa na sufuria lake. Mimi ni mtu wa kusema. Nikamwambia ukimpa fundi kuta za jumba zima na mwiko mmoja, plasta ikipasuka usimlaumu yeye. Akanijibu bila kunitazama kwamba mwiko anao, ila kuna watu wamekaa juu ya jukwaa lake wanapiga soga. Nikasogeza kiti.

Akamwamsha binamu. Jina lake akalitaja sawa. Akamuuliza yuko wapi.

"Harusini," akasema. "Huoni nimevikwa kilemba?"

Kilemba chenyewe bandeji. Nesi akaninyooshea kidole, akamuuliza huyu nani. Binamu akanitazama juu mpaka chini.

"Punda wa shangazi yangu. Nani kamwingiza humu?"

Nesi akaandika. Nikachungulia: mikono sawa, macho sawa, kwenye maneno amekatwa alama moja. Kumi na nne. Nikamwambia afute, huyu ni mzima, ndivyo anavyosema kila siku ya Mungu. Akanisikiliza mpaka nikamaliza.

"Mzee wangu, mimi sikuzaliwa kwenu. Siwezi kujua lipi utani na lipi kichwa. Naandika nnachokisikia."

Usiku walikaa wauguzi wengine. Asubuhi akarudi yeye, na kabla hajafanya lolote alisimama miguuni pa kitanda na yule anayemaliza zamu, wakaisoma karatasi mstari kwa mstari. Kote kumi na nne. Akaniambia nisihangaike, maana yeye haogopi alama ile, anaogopa mabadiliko. Mgonjwa wake akibaki vile vile na maneno yake ya harusini, basi ni kheri.

Lakini mimi niliona uchungu. Mtoto wa mjomba wangu ameandikwa hana akili kamili, na karatasi imetundikwa pale kila mpita njia aisome. Nesi alipokwenda kitanda cha pili nikainama sikioni pa binamu nikamfundisha. Akija, sema uko hospitali. Leo Alkhamisi. Huyu ni ndugu yangu. Jibu kama mtu mzima, acha upuuzi. Akaniambia nikazifundishe kuta zangu. Nikarudia mara tatu, polepole, kama tulivyokuwa tukifundishwa chuo cha Kurani, mpaka akafumba macho ili anikimbie.

Alasiri nesi akaja na karatasi yake. Binamu akayafungua macho pole pole. Uko wapi? Hospitali. Leo siku gani? Alkhamisi. Na huyu? Ndugu yangu. Kisha akanigeukia, sauti laini kama ya mtu anayeomba radhi.

"Shikamoo, kaka."

Nikaitika marahaba, ulimi ulishatangulia. Nesi akatabasamu, akaandika kumi na tano, akaniambia tumepanda, mzee. Akaenda zake, maana alikuwa anaitwa kwenye vitanda viwili kwa pamoja. Mkewe alikuwa ameruhusiwa kuingia kidogo na chupa ya uji. Akaniambia, "Shemeji, miaka yote hii mimi nimeshindwa kumtia adabu mtu huyu. Wewe siku moja tu."

Nikavimba kichwa. Nilivimba kama nilivyovimba siku niliyopewa jumba zima nilipige chokaa peke yangu. Halafu nikajiuliza. Nimemtia adabu mimi? Tangu lini? Mtu huyu mama yangu alimchapa kwa ajili yangu na hakusema pole. Amenizidi miezi miwili, halafu ananiamkia?

Nikamtazama. Alikuwa ameshasinzia, mdomo wazi.

Sasa, mimi nikiharibu kazi huwa naisingizia mvua. Nimesema mvua hata wakati wa kiangazi. Na hapa ilikuwa nikiinuka niseme mambo mawili kwa mpigo: kwamba alama ile ni ya uongo, na kwamba aliyeitia uongo ni mimi. Huenda pia amenitii kweli, na nitamsumbua msichana wa watu mwenye wodi nzima mkononi. Nilikaa na fikra hiyo muda mrefu kuliko inavyostahili. Sitasema ni muda gani.

Nikamfuata. Alikuwa anamfungia mtu dripu.

"Mwanangu, ile kumi na tano yako si ya kweli. Nimemfundisha majibu. Na mtu yule hajapata kuniamkia tangu tuzaliwe."

Hakucheka, wala hakuniuliza mtu mzima kama mimi nilikuwa nikifikiri nini. Upole wake ule ndio ulionichoma zaidi. Alimaliza fundo lake, akamwambia mgonjwa wa dripu amsubiri, akaja. Akamwamsha binamu kwa kumtikisa bega, akamuuliza kitu ambacho mimi sikukifundisha: kazi yako nini?

Binamu akafikiri.

"Alkhamisi," akasema.

Mkewe akakiweka kikombe chini. Nesi akampa vidole aviminye. Mkono wa kulia ukaminya, wa kushoto ukalala tu kiganjani mwake. Tochi akaipiga, akaipiga tena, ikagoma. Akatoa simu yake mfukoni akamulika kwa simu. Mimi pia niliona: mboni moja ilinywea kwenye mwanga, ya pili ikajivuta kivivu.

Akampigia daktari hapo hapo. Maneno ya daktari sikuyasikia, ya nesi niliyasikia yote.

"Karatasi inasema kumi na tano, lakini karatasi ilifundishwa. Ndugu yake anasema amebadilika, na mimi nimemtazama, mkono wa kushoto umelegea na mboni hazilingani. Naomba uje sasa hivi."

Mafundi wanaoona ufa wakanyamaza kwa sababu tajiri yuko kwenye simu nimewaona wengi, na mimi mmoja wao. Msichana yule hakushusha sauti. Na daktari naye alikuja, tena kwa haraka, hakumuuliza wewe nani wa kunihukumia mgonjwa. Nimefikiri sana juu ya hilo. Watu wakimsema nesi, mzuri au mbaya, wanamtazama uso na ulimi wake. Hawatazami kama tochi yake inawaka, kama ana wagonjwa anaoweza kuwafikia, kama akiita anaitikiwa, na kama kuna mzee mjuaji kando ya kitanda anayemharibia hesabu.

Walimpiga picha ya kichwa, damu ikaonekana, na kabla ya adhana ya Magharibi alikuwa ameshaingizwa chumba cha upasuaji. Sisi tukakaa kwenye benchi. Nikawaambia dada zake nilichokifanya, kwani mkewe alishakijua na sikutaka wakipate kwake. Dada mkubwa akanigeukia.

"Wewe darasa la nne ulilitoroka," akasema, "halafu unafungua skuli?"

Nikasogea mwisho wa benchi.

Alitoka hai. Daktari alituambia kwamba kungekucha hivyo hivyo, pengine asingetoka. Nilipokutana na nesi siku ya pili aliniambia kwamba nikirudi wodini kwake nilete betri, majibu niyaache nyumbani. Nikampelekea betri. Akazitia kwenye tochi, akanimulika machoni mimi mwenyewe, akasema mzee uko sawa, huku anaelekea kitanda kingine.

Siku binamu aliporuhusiwa, nesi alitukalisha sote. Maneno yatamrudi taratibu, akasema, mengine yatachelewa. Muulizeni, mzungumzisheni, mkiona anasinzia sana au anatapika mrudisheni. Akanitazama mimi peke yangu aliposema la mwisho: msimjibie.

Wiki za kwanza nyumbani Ng'ambo alikuwa mpole kwa kila mtu, mpaka majirani wakawa wanaogopa kuja kumtazama. Alimshukuru hata muuza samaki. Nilikuwa nakwenda kila asubuhi kabla ya kazi, nakaa kwenye mkeka, namuuliza mambo madogo: huyu nani, hiki nini, ile randa yako umeiweka wapi. Mengine anayapata, mengine anayazunguka.

Asubuhi moja, bakuli la uji liko mbele yake, nikamuuliza jina la mama yake. Nilidhani ni swali jepesi. Akafungua mdomo, akaufunga. Akaitazama mikono yake, akatazama dari. Jina lenyewe nalijua kama langu, nimelelewa kwenye chungu cha bibi yule nusu ya maisha yangu, na lilikuwa limenijaa kinywani. Mkewe alikuwa mlangoni na birika, akaninyooshea kidole nisithubutu. Nikaung'ata ulimi. Nje mtu akapita na baiskeli anauza mikate, akapita mpaka akapotea, na binamu bado anatafuta, jasho limemtoka juu ya ule mshono wa kichwani.

Akalitaja. Akalitaja lote, na la babu yake nyuma yake, ambalo sikumuuliza.

Nikamwambia anywe uji, unapoa.