Jiko letu la nguzo mbili, na mama yangu nyuma ya nyumba

Wakuu, habari zenu.

Niko mjini Uvira, mtaa wa Rugenge, mama wa watoto wawili. Hasira na haya vimenijaa. Nitasema kweli tupu, hata pale panaponichoma mwenyewe.

Mume wangu anauza vigae vya sakafu. Tulipojenga, akataka jiko liwe la néoclassique, mtindo wa nguzo na urembo wa kizamani, kama zile picha za kwenye simu. Na lilipendeza, tusidanganyane. Makabati rangi ya maziwa yenye fremu, kornishi, ule urembo wa plasta, juu ya kuta, sinki katikati chini ya dirisha, kila kitu cha upande wa kulia kina mwenzake kushoto.

Mlango hakuna. Kati ya jiko na salon, yaani sebule, kuna nguzo mbili nyeupe na tao juu yake. Ukikaa kwenye kiti cha fotei unaona mpaka sufuria. Wageni walipiga picha pale, na minye mwenyewe nilijidai.

Basi vita vikarudi kwenye bonde la Ruzizi. Mama yangu, anayeishi huko, akakimbia, akafika kwangu na kikwembe alichovaa na kuku kwapani.

Msio wa huku, sikilizeni. Kwetu mama mkwe na mkwe wake wanaheshimiana kwa kutoonana ovyo. Hakai naye salon, hali chakula mbele yake. Akija kwa binti yake, mahali pake ni jikoni: anachambua sombe, majani ya muhogo, anakula, anacheza na wajukuu.

Mama akaingia, akaona mkwe wake kwenye fotei anamtazama. Akajifunika uso, akatoka kinyumenyume.

"Binti yangu, jikoni ni wapi?"

"Ni hapo, mama."

"Hapo ni salon. Minye nauliza jikoni."

Chumba cha watoto alikikataa, mlango wake unatazamana na wetu. Akakaa nyuma ya nyumba, chini ya ukingo wa bati. Mvua ikanyesha.

Nikaomba tufunge pazia kati ya nguzo. Mume wangu akaruka: "Weye, pazia litaua design! Nguzo zinatakiwa zionekane!"

Mama yangu iko analowa, yeye iko analilia nguzo!

Jirani akapita, akapaza sauti mtaa mzima usikie: "Mama Neema! Huyo mama umemuweka nje kama bata?"

Nikainama, nikajifanya namfunga mtoto viatu.

Kesho yake mama akaenda mtaa wa Songo, kwa mama mmoja wa kanisani mwao mwenye jiko la kuta za udongo, lenye mlango wake. Mtu baki akampa mama yangu mahali pa kukaa.

Hapo nikachukua nyundo. Nikapiga misumari mikubwa kwenye nguzo zote mbili, plasta ikadondoka, nikatundika vikwembe vyangu vya harusi. Mume wangu mdomo wazi.

"Jaribu kuvitoa," nikamwambia.

Nikamfuata mama. Alikubali kurudi, lakini mwenyeji wake akanisindikiza na neno, tena mbele ya watu: "Mukimuchoka tena, mumurudishe huku."

Hilo neno sijalimeza mpaka leo.

Sasa mama anakaa nyuma ya vikwembe. Mume wangu akitaka maji ya kunywa anakohoa kwanza, halafu anasubiri mtoto amletee. Anasema vita vikitulia atang'oa misumari. Tutaona.

Mnaojenga, kabla ya kuchagua kornishi, ulizeni mama mkwe atakaa wapi. Na wanawake, msinyamaze kama minye wakati wa kujenga, eti kwa sababu picha inapendeza.

Nani ana jiko la wazi na wakwe wanamtembelea? Mlifanyaje? Mume wangu mtukaneni mnavyotaka, hata mimi. Mama yangu mwacheni.