Vigari vya Shirere na Yai la Breki

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, wekeni simu pembeni kwanza, mkae vizuri. Najua mnapenda mbio za magari. Nawaona hapa kwangu mmejazana kwenye kochi, mnapiga mayowe kwa sababu ya gari jekundu linalozunguka njia ile ile kutwa nzima kama ng'ombe aliyefungwa kambani. Mkiulizwa dereva ni mtoto wa nani, hamjui. Sasa nawaambia mimi: enzi zetu mbio za magari zilikuwa hapa hapa Shirere, madereva tuliwajua mpaka mama zao, na mambo yalikwenda kwa utaratibu ambao hata hao wenu wangekuja kujifunza.

Shirere ya wakati huo haikuwa hii ya nyumba za kupanga na wanafunzi wanaoanika soksi madirishani. Ilikuwa miwa. Ukitoka nje asubuhi ni miwa, ukienda kisimani ni miwa, upepo ukipita ndani yake unadhani kuna wanawake wamejificha humo wanasengenya. Miwa ndiyo ilituinua. Baba aliezeka mabati kwa miwa, jirani yetu akanunua redio kwa miwa, mwingine akaoa mke wa pili kwa miwa. Mke wa kwanza naye akachukua panga, akaenda akafyeka fungu lake lote kabla halijakomaa. Tulicheka mpaka mavuno yaliyofuata. Trekta zilipita na trela zimejaa, na sisi watoto tulizikimbilianga nyuma tukichomoa miwa, dereva akitutukana kwa Kiluhya na kwa Kiswahili. Hakukuwa na mtoto ambaye mdomo wake haukuwa umechanwa na ganda la muwa. Jioni ukila obusuma, ugali wetu, na mboga ya chumvi, machozi yanatoka na bado hutaki kusema kwa nini.

Kwa ajili ya hizo trekta, kiwanda cha sukari kilikuwa kimetengeneza barabara ya murram kutoka kanisani mpaka darajani. Ilikuwa pana, imeshindiliwa, inateremka vizuri, na katikati ina kona moja penye mvule mkubwa. Jumapili trekta zililala. Barabara ikabaki yetu.

Vigari vyetu vilikuwa vya mbao. Ubao mmoja wa kukalia, magurudumu manne ya kukatwa kwenye gogo, kamba ya katani ya kupinda magurudumu ya mbele, na breki. Breki ilikuwa kipande cha tairi kuukuu kilichopigiliwa kwenye mti. Ukivuta ule mti, tairi linasugua gurudumu. Ekseli tulizipaka mrenda uliopondwa ili zizunguke laini. Mama alikuwa anasemanga, "Mboga ya watu ndiyo mnalisha mbao? Leo usiku mtakula hilo gari." Na alikuwa na uwezo wa kufanya hivyo, Mama yangu, kwa hiyo tulichuma mrenda wa kando ya mto, hatukugusa wa bustanini.

Mkubwa wa mchezo alikuwa Makokha, kijana wa jirani aliyekuwa amefika darasa la saba na hakuwa na mzaha. Yeye ndiye aliyesema kwamba vigari vyote lazima viwe sawa. Magurudumu yote yalitoka gogo moja, na yote yalipimwa kwa kifuniko cha sufuria ya Mama. Ukubwa ukizidi kifuniko, unarudi nyumbani kupunguza. Mtoto mmoja ambaye babake alifanya kazi kiwandani alikuja na magurudumu ya chuma yanayong'aa. Yalikuwa yanakimbia hayo! Makokha aliyatazama, akayasifu sana, halafu akamwambia, "Rudisha kwa baba yako kabla hajaulizwa. Hapa tunataka kujua nani anajua kuendesha, si nani ana baba."

Jumapili moja tulikimbia kwetu, inayofuata tunakwenda Iguhu kwa mteremko wao, hivyo hivyo mpaka likizo inaisha. Tulivikokota vigari kwa kamba njia nzima, tunaimba. Hakuna mtu mzima aliyetuandalia chochote.

Lakini mtu mzima mmoja alikuwa ametuwekea sharti. Nyapara wa barabara za miwa alitukuta siku za mwanzo, akatukusanya pale kwenye mvule, akanyoosha kidole. "Chezeni. Lakini siku mtoto mmoja ataumia, hata ukucha, nitavichoma hivi vigari vyote na hamtakanyaga hapa tena." Tulijua atafanya. Basi tangu siku hiyo kila kitu tulichofanya kilikuwa ni kuulinda mchezo wetu.

Ndipo Makokha akaleta mtihani wa yai. Kila dereva alikuja na yai kutoka kwao. Kwenye kijia kifupi cha kanisani tulichora mstari wa jivu, na mbele yake kidogo tukaliweka yai la dereva mwenyewe, barabarani, juu ya majani. Unateremka kwa mbio, ukifika kwenye jivu unavuta breki. Ukisimama kabla ya yai, umepita. Ukilivunja, hukimbii siku hiyo, na badala yake unapewa kitambaa chekundu, unakwenda kusimama kwenye kona ya mvule kuwaangalizia wenzako barabara. Kitambaa kikipanda juu, kila mtu anasimama na hakuna kuuliza kwa nini. Mayai yaliyopona yote anapewa mshindi.

Mwenye kuyaweka mayai nilikuwa mimi. Nilikuwa na kikapu changu na nilikuwa na uso mkavu hata wakati huo. Msidhani nilichaguliwa kwa uaminifu. Wakati huo mwanamke wa kwetu hakuwa anakula ingokho wala yai. Kuku tulimkimbiza sisi, tukamnyonyoa sisi, tukampika sisi, halafu tukamla kwa macho. Makokha alisema, "Mayai apewe Nekesa. Msichana hawezi kuyala, na huyu hata akiweza hatacheka nayo." Basi nikawa mkuu wa mayai, na neno langu lilikuwa ndilo la mwisho. Nikisema limevunjika, limevunjika.

Sasa ilifika Jumapili ya mwisho ya likizo ya Agosti, na mbio zilikuwa kwetu. Watoto wa Iguhu walikuja wengi, wamepaka miguu mafuta mpaka inang'aa. Kaka yangu Shikuku ndiye tuliyemtegemea. Alikuwa dereva, huyo mtoto! Kwenye kona alilala upande mmoja mpaka sikio linakaribia murram. Shirere nzima ilikuwa imeshasema ushindi ni wetu.

Shikuku akapanda kijia cha kanisani, akateremka. Akafika kwenye jivu, akavuta. Kigari kikaendelea. Kikapita juu ya yai polepole, kama mtu anayepita mbele ya mkwe wake, na kiini kikatapakaa.

Nikainama nikaangalia breki yake. Alikuwa amelipunguza lile tairi kwa kisu mpaka limekuwa kama karatasi, ili lisiguseguse gurudumu na kumpunguzia mwendo.

"Nekesa," akaniambia chini chini, "mimi ni kaka yako. Sema lilikuwa na ufa."

"Lilikuwa zima."

"Tutapigwa na Iguhu kwetu nyumbani! Unataka hivyo?"

Wengine nao wakaanza. "Mwekee lingine! Mara moja tu!" Mtoto mmoja wa Iguhu akasema, "Mpeni tu, hata na breki mbovu tutamshinda," ikawa ni moto juu ya moto. Makokha akawanyamazisha wote, akaniuliza mimi peke yangu, "Limevunjika?"

"Limevunjika."

"Shikuku, kitambaa."

Shikuku akakichukua kile kitambaa, kilikuwa kilemba kuukuu cha Mama, akaenda kwenye kona amenuna. Aliponipita akasema, "Leo nyumbani usinisemeshe." Nikamjibu, "Nani alitaka kukusemesha?" Lakini moyo uliniuma, kwa sababu na mimi nilitaka tushinde.

Vigari vitano vikapangwa kule juu. Makokha akaangusha mkono, vikaondoka. Nyinyi hamjasikia sauti ya magurudumu ya mbao juu ya murram! Ni kama mawe yanamwagwa juu ya mabati. Mbele kabisa alikuwa Khayesi, msichana wa Iguhu, gauni amelikaza katikati ya magoti na meno yote nje. Sisi tulikimbia pembeni tukipiga kelele, mimi na kikapu changu kichwani.

Na kwa sababu ya kelele hizo hakuna aliyesikia trekta.

Kiwanda kilikuwa na njaa ya miwa siku hizo. Jumapili hiyo, bila sisi kujua, walikuwa wametuma trekta moja ikabebe. Ilikuwa imeshavuka daraja na inapanda, na kutoka juu huwezi kuiona mpaka uizunguke kona. Shikuku ndiye aliyeona moshi wake juu ya miwa. Angeweza kuwa bado amenuna, ameelekea upande mwingine. Hakuwa. Alikuwa amesimama pale pale alipoambiwa asimame, na akakipandisha kitambaa cha Mama kwa mikono miwili.

Khayesi alikuwa anashinda. Hakuuliza. Akavuta breki, na wanne wa nyuma wakavuta. Kukawa na mlio mmoja mrefu, vumbi, na harufu ya tairi kuungua. Sikuona kitu. Nilishika kikapu kwa nguvu na nikasema moyoni, Mungu wangu, ukucha.

Vumbi lilipotulia, vigari vitano vilikuwa vimesimama, vingine vimekaa upande upande, na madereva watano wamekaa juu yake macho yamewatoka. Kati ya miguu ya Khayesi na gurudumu la trekta palikuwa na nafasi ya kutandika mkeka.

Dereva wa trekta akashuka. Kwanza alivunja muwa wa kutupigia. Kisha akaitazama nafasi ile ndogo, akautupa muwa, akakaa kwenye nyasi.

"Nyinyi ni watoto wa nani?" akauliza. "Nani aliwaambia msimame?"

Tukamwonyesha Shikuku na kitambaa.

"Na hivi vitu vimesimama na nini?"

Makokha akamwonyesha breki, akamweleza habari ya yai. Yule baba akachukua yai moja kwenye kikapu changu, akaligeuza geuza kama hajawahi kuona yai. Akaangalia trekta yake. Akasema, "Watoto wangu, hii yangu ingelivunja."

Tulicheka kwa woga. Akasema hatamwambia nyapara, kwa sababu hakuna aliyeumia, hata ukucha. Akasema kuanzia siku hiyo, akitumwa Jumapili, atapiga honi darajani na kungoja mpaka tumwonyeshe kitambaa kimepanda. Na alifanya hivyo. Siku hiyo aliirudisha trekta mpaka darajani, akapanda juu ya bodi yake kutazama, na sisi tukavikokota vigari tukaanza upya, maana Makokha alisema mbio zilizokatizwa hazina mshindi.

Khayesi alishinda hata hivyo. Tulimpigia makofi, na yalikuwa makofi ya kweli. Nikamkabidhi kikapu. Wavulana wakaanguka chini kwa kicheko. "Mshindi hali zawadi! Utayafanyia nini hayo, utayapiga pasi?"

Khayesi akafunga mayai yake kwenye kitenge taratibu. "Nyinyi mngeyala leo, kesho mnaenda choo na mmesahau," akasema. "Mimi nitayalaza chini ya kuku." Likizo ya Desemba alikuja na jogoo wawili.

Shikuku aliweka tairi jipya nene. Mara iliyofuata alisimama mbali sana na yai mpaka watu wakasema anaogopa kuku. Hakujali.

Tulikimbia hivyo miaka yote ya miwa, mpaka tukaota matiti na ndevu. Hakuna aliyevunjika mguu. Hakuna kigari kilichochomwa. Nimeona mikutano mingi tangu hapo, na kamati zenye mwenyekiti na katibu na muhuri, na sijaona kitu kilichoendeshwa vizuri kama kile. Nikisema hivi najivuna, na nina haki.

Siku hizi kiwanda kimenyamaza. Barabara yetu imewekwa lami, mvule ulikatwa zamani, na pale kwenye kona kuna duka la kuchaji simu. Watoto hawaji tena na kitu walichokitengeneza kwa mkono. Kila kitu kina kasi na hakuna anayesimama kwenye kona kumwangalizia mwenzake. Wakati mwingine nikiwa nimekaa nje natega sikio nisikie ile sauti ya mawe juu ya mabati. Nasikia pikipiki tu.

Moja ya pikipiki hizo ni ya mjukuu wangu Brayo. Juzi nilimwona anaingia hapa langoni, anasimama kwa kuburuta ndala zote mbili chini. Nikamuuliza, "Breki iko wapi?"

"Kukhu, breki iko, ni vile tu inashika kidogo. Hiyo si shida."

"Si shida ya nani?"

Akacheka. Wenzake kwenye kochi wakacheka. Nikaingia jikoni, nikatoka na kikapu. Nikawaita wote waje langoni, wale wa pikipiki na wale wa kutazama magari kwenye simu, nikawaambia mara moja tu, na ndivyo ilivyo kwangu mpaka leo: kila asubuhi jivu limwagwe hapa, yai liwekwe pale, na asiyeweza kusimama aache ufunguo juu ya meza, achukue kitambaa, aende pale kwenye lami akawavushe watoto wa shule.