Mzabibu wa Susu na Mtaro wa Mbooni

Mawe yakinyeshewa baada ya jua kali hutoa harufu ambayo mpaka leo hunisimamisha njiani. Wanaonipita hudhani nimesahau kitu. Wapi! Nimekumbuka.

Nilikuwa msichana mdogo, tukikaa Silver Spring, Marekani. Shule zikifungwa mama hakuwa na pa kuniacha, kwa hiyo tulienda pamoja kazini kwake, kumtunza bibi mmoja Mjerumani aliyeitwa Hedwig. Mama aliniamuru nimwite Susu, kama tunavyowaita nyanya zetu Ukambani, na mzee wa watu akalipenda jina hilo kuliko lake.

Susu alizaliwa katika kijiji cha wakulima wa zabibu, kwenye kona ya mto Mosel. Alinichorea kijiji kizima mezani kwa unga wa keki: mto, kanisa, kisha mlima mkali ambao hata mbuzi wangeukataa. Mizabibu, alisema, ililetwa na Warumi. Vita vilikuja vikapita, yenyewe ikabaki. Mvua kubwa iliposhusha udongo barabarani, watu waliurudisha juu kwa vikapu mgongoni. Naye aliubeba.

Mama hakuwa na hadithi kama hizo. Nikimwuliza kuhusu kwao Mbooni, alisema ni mawe na jua tu.

Sasa Susu alitaka jambo moja: kula zabibu za mti wake mwenyewe kabla hajafa. Nyuma ya nyumba palikuwa na mteremko, lakini kila mche alioupanda ulisombwa na mvua. Basi siku moja mama, ambaye hakuwahi kuonja divai na aliyemwombea Susu kimoyomoyo kwa ajili ya glasi yake ya jioni, alivua viatu akashika jembe. Alichimba mtaro kukata mteremko, udongo akiutupa upande wa juu.

"Unakosea!" Susu alifoka kutoka kitini. "Jenga ukuta wa mawe kwanza!"

"Susu, tulia hapo," mama alimjibu. "Kwetu udongo unatupwa juu. La sivyo, mlima wetu ungekuwa umeshafika Mombasa."

Walibishana asubuhi nzima, kisha wakafanya yote mawili: mtaro wa Mbooni, na chini yake ukuta wa Mosel. Mimi nilibeba mawe huku nikinung'unika kwa Kiingereza, mama akijifanya hasikii.

Mvua ilipokuja tulisimama dirishani sote. Maji yalijaa mtaroni, yakatulia, mche ukabaki umesimama. Susu alimshika mama mkono.

Zabibu alizila, miaka michache baadaye. Zilikuwa chachu ajabu, na alizila zote akilia kwa furaha.

Susu hayupo tena na nyumba imeuzwa. Juzi nilipita pale na binti yangu, mvua imetoka kunyesha. Ukuta upo, mtaro upo, mzabibu umefunika ua mzima. Akaniuliza, kwa Kiingereza chake, nani aliyejenga vile.

"Nyanya yako," nilimjibu kwa Kiswahili, kifua mbele.

Nikwambie ukweli, msomaji: miaka yote ile nilidhani nilikuwa nikifundishwa Ujerumani. Kumbe siku ile, peku kwenye matope, mama alikuwa akinionyesha kwao.