Bilauri Isiyo na Mikwaruzo

Ubaya niliomtendea mama yangu niliutenda mchana kweupe, nimekaa mezani kwangu Thornton Heath, London, na lenzi ya kukuzia mkononi. Nisijitetee: niliutenda kwa raha.

Nilipoondoka Tanga, katikati ya miaka ya tisini, mama alinifungia ndani ya kanga bilauri moja yenye mguu mrefu. Nyumbani zilikuwa sita, kwenye kabati la vioo pale sebuleni. Alizirithi kwa mama yake, ambaye alikuwa mpishi kwenye shamba la mkonge. Bibi alisimulia kwamba mke wa meneja, siku alipokuwa akirudi kwao Ulaya, alimwita chumbani akampa bilauri hizo kwa mkono wake. Zilikuwa bado zimelala kwenye sanduku lake lenye mahameli, kwa kuwa naye alizirithi kwa bibi yake na aliogopa kuzitumia. Mama aliirudia habari hiyo kila mgeni alipolitupia jicho lile kabati. Na kila mara shangazi yangu, wifi yake mama, alicheka.

“Wifi nawe! Bilauri za dukani kwa Mhindi hizo, barabara ya kumi na mbili.”

Ulikuwa utani wa mawifi, lakini utani wa miaka ishirini huota miiba. Siku ya safari mama aliniambia, “Nenda nayo hii. Huko ndiko kwa wenyewe. Kaulize, kisha unijibu mimi na wifi yangu.”

London nikaingia kwenye kazi ya kutunza wazee. Miaka ikaenda, bilauri imelala chini ya kitanda, mpaka nikapangiwa mzee mmoja wa karibu na Croydon ambaye maisha yake yote aliuza vyombo vya kioo vya kale sokoni. Macho yalikuwa yameanza kufifia, lakini mdomo ulikuwa mzima. Nikimwogesha, nikimlisha, ananifundisha. Gonga ukingo kwa ukucha usikilize mlio unakwenda hadi wapi. Pitisha kidole ubavuni utafute mshono, maana chombo cha kiwandani, kilichomiminwa kwenye kalibu, hakikosi mshono. Kipindue utafute kovu, pale fundi wa kazi ya mkono alipokitenga na fimbo yake ya chuma. Kisha kitako. Chombo kilichokaa mezani miaka mia kimesuguana na meza miaka mia, kwa hiyo kina mikwaruzo midogo inayokwenda ovyo. Matapeli huiga kwa msasa, ila mikwaruzo ya msasa yote huelekea upande mmoja.

“Kitako hakisemi uongo,” alikuwa akiniambia, na mimi nikaikariri kama amri ya Mungu.

Miaka ileile na mimi nilikuwa nachunguzwa. Kila baada ya muda nilipanga foleni kwenye jengo la uhamiaji Croydon, karani akapindua pasipoti yangu na barua zangu akitafuta ila. Nilitoka pale kila mara nimejaa nyongo. Siku moja nilirudi kutoka huko, nikavua koti, nikaivuta ile bilauri chini ya kitanda. Nilitaka na mimi nikamate kitu kikidanganya.

Mlio ulikuwa mrefu na mzuri. Mshono haukuwepo. Kovu lilikuwepo, limesagwa likawa laini kama kitovu cha mtoto. Nikasogea dirishani nikatazama kitako. Kilikuwa safi, hakuna mkwaruzo hata mmoja. Hapo nikayapuuza yote niliyoyaona kwanza. Mzee sikumpelekea, maana niliogopa asije akamcheka mama yangu, nikaona bora nimcheke mwenyewe. Nikanunua kadi ya simu.

“Mama, ile bilauri ni ya juzi tu. Shangazi alisema kweli.”

“Una hakika, mwanangu?”

“Nimefundishwa na mwenye kazi yake. Ya zamani haiwi na kitako kile. Bibi alikudanganya.”

Hilo la mwisho hakuniuliza. Nililiongeza mwenyewe, na hadi leo nikilikumbuka natamani ardhi inimeze.

“Haya,” akasema mama. “Ahsante kwa kuniulizia.”

Wiki hiyohiyo niliipeleka bilauri kwenye duka la hisani barabara kuu, linalouza vitu ambavyo watu wamevitoa bure, pamoja na sweta zilizonibana.

Miezi mitatu ikapita ndipo nikamsimulia mzee, kwa kuchekesha tu, nikiwa namkata kucha. Hakucheka. Akaniuliza, “Kwenu mlikuwa mnainywea nini?”

“Hatukuinywea. Ilikuwa ya wageni.”

“Basi wageni waliinywea nini?”

Nikajikuta namweleza jambo ambalo kwetu halielezwi. Vyombo vya wageni havitumiki. Mgeni akija hupewa chai kwenye kikombe cha bati, na bilauri anazitazama kupitia kioo cha kabati. Kila Jumamosi mama alizipangusa moja moja, akazirudisha juu ya vitambaa alivyofuma mwenyewe. Nikaeleza na habari ya sanduku la mahameli, na sauti yangu ikaanza kupungua.

“Sasa hiyo mikwaruzo ingetoka wapi?” akauliza mzee. Akataka kujua mlio, mshono, kovu, upana wa kitako. Nikamjibu kimoja kimoja. “Kwa hayo unayonieleza,” akasema, “ina zaidi ya miaka mia. Niletee niishike.”

Nikakimbilia lile duka la hisani, lakini hawakuikumbuka hata ilivyofanana. Nilisimama pale kati ya vikombe na sahani nikalia mbele za watu, na mama mmoja mnunuzi akanisogezea kiti.

Jioni nikampigia mama. Nikamwambia nimekosea, bilauri ni za kale, bibi alisema kweli tupu, azitunze zile tano.

“Tano zipi tena?” akasema, bila hasira. “Nilizipeleka kwenye shule ya watoto ya kanisani, wakanywea juisi. Zimekwisha kuvunjika.”

“Mama, lakini zilikuwa za kweli! Mwambie shangazi.”

“Shangazi yako nilikwenda kwake siku ileile uliyonipigia. Nilipiga magoti, nikamwomba radhi kwa kumdanganya miaka yote ile, na amenisamehe. Unanionea huruma, mwanangu, najua. Usinirudishe huko.”

Nikasema tena, na simu iliyofuata tena, na kila aliposikia neno bilauri aliniuliza kama London kuna baridi. Alifariki miaka miwili baadaye, akiamini kwamba mama yake mzazi alikuwa mwongo.