Nilivyosugua picha ya galaksi hadi nikafuta diski yake

Wakuu, salaam kutoka Bujumbura. Kosa langu la mwanzo lilikuwa kupenda usafi kupita kiasi. Haya yamenikuta mwenyewe, hata sehemu ambazo ningependa kuziruka.

Astronomia sijaisoma darasani. Nimejifunza kwenye laptop, sebuleni kwetu Ngagara, kwa picha za darubini zinazopakuliwa bure.

Nilijiunga online na kikundi cha watu wanaojitolea kupima galaksi za lentikula. Zina kitovu king'avu na diski pana, yaani sahani ya nyota inayokizunguka, ila hazina ile mikono iliyojizungusha. Unapima mwanga kuanzia katikati hadi ukingoni, kisha unatenganisha wa kitovu na wa diski.

Kabla ya hapo lazima uondoe mwanga wa anga lenyewe. Mimi kila ukungu hafifu niliuona uchafu. Nikatoa, nikatoa tena.

Dada yangu Divine akachungulia.

"We, bado unasugua ile nyota?"

"Si nyota, ni galaksi."

"Sawa, galaksi. Mi naona unaisugua kama sufuria. Itatoboka."

Nikatuma kazi hivyo hivyo.

Kiongozi wa kikundi akajibu kwa upole: wenzangu wamepata diski kwenye galaksi hiyo hiyo, kwangu kuna kitovu tu. Nina uhakika?

Niliwaza kujitoa kimya kimya kabla hawajagundua kwamba sina cheti chochote.

(Wenye wasiwasi kama wangu wanaelewa. Kukosolewa kwa upole kunauma zaidi.)

Kesho yake nikafungua picha ya awali. Kumbe anga nilikuwa nalipima karibu mno na galaksi, mahali ambapo mwanga wa diski bado upo. Nilikuwa natoa diski nikidhani natoa anga.

Nikahamia kwenye pembe za picha, nikapima upya. Mwanga ukashuka haraka kutoka katikati, kisha ukaendelea kupungua taratibu hadi mbali kabisa. Diski ile pale.

Nikamwandikia kiongozi kosa lote, bila kujitetea. Akaniambia nirudie galaksi zote nilizopima kwa njia ile. Nilizirudia, na zote zikapokelewa.

Divine nilipomwonyesha alisema, "Kumbe uchafu ndio ulikuwa galaksi?"

Nilichojifunza: kabla ya kufuta kitu, jua kwanza ni nini. Wenye uzoefu na picha hizi, nikosoeni hapa chini, nitasoma yote.

Siku hizi wageni wakijiunga na kikundi, hatua ya kuondoa anga nawafundisha mimi.